Mashine Haisemi Uongo

Kuna usemi ulioenea katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, tangu Kibirizi hadi Kagunga, ambao leo naushtaki mbele ya msomaji. Usemi wenyewe ni huu: "Mashine imekataa." Mashine ya boti ikivutwa kamba mara kumi isiwake, watu husema imekataa, kana kwamba ni ng'ombe aliyegoma kuvuka mto. Wakishasema hivyo huwa wamejipa ruhusa ya kuacha kufikiri. Mzee mmoja ataongeza kwamba hapa pana mkono wa mtu. Kijana mmoja ataongeza kwamba koili imekufa. Wote wawili wanasema jambo moja tu: hatujui, wala hatuna nia ya kutafuta.

Mimi nasema mashine haikatai. Mashine haina kiburi, haina kinyongo, na haijui nani kagombana na nani kijijini. Tena haisemi uongo. Mashine iliyokwenda kwa fundi inawaka, hata kama ni kwa taabu, kisha ikarudi haiwaki kabisa, inasema waziwazi kuliko zote: "Mmenifungua, na hamkunifunga inavyotakiwa."

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kwa miaka sita, kisha nikapewa shule, nikawa mkuu wa shule mpaka nilipostaafu mwaka 2010. Nasema kwa sababu ya usiku mmoja ambao, ndugu msomaji, ningependa usiupate wewe.

Mpwa wangu alikuwa na boti ya mbao ya abiria na mizigo, yenye mashine ya nguvu farasi 40. Kwetu ziwa ndilo barabara, na boti kama hiyo ni basi, ni lori, na siku ya shida ni gari la wagonjwa. Mwezi Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia kwetu kwa makumi ya maelfu, wakajaa katika ukanda mwembamba ulio kati ya maji na milima, na kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ilikuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Liemba haikuweza kufika ufukweni. Ilisimama majini, na boti ndogo ndizo zilizowafikisha watu ubavuni mwake. Boti ya mpwa wangu ilikuwa mojawapo. Mashine ile ilifanya kazi mchana na usiku, na mwaka uliofuata ikaanza kuonyesha uchovu: nguvu zimepungua, moshi umezidi, kuwaka ni kwa taabu. Hiyo ilikuwa haki yake.

Julai 2016 aliipeleka mjini kwa fundi. Simtaji fundi huyo, maana hayuko peke yake. Alibadilisha ringi za pistoni, akasafisha kabureta, akaweka na mpira mpya wa mafuta kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Akalipwa fedha yake yote. Hakuiwasha mbele ya mwenye mali. Alisema petroli imemwishia, na kwamba itawaka tu ikifika majini. Mpwa wangu, kwa heshima ya kijana kwa mtu mzima, hakuuliza neno. Mashine ikapakiwa katika boti ya mwenzake, ikarudi Kagunga.

Usiku wa pili binti wa jirani yangu, mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu. Ilipofika saa tano, muuguzi alituambia kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba mama apelekwe Kigoma bila kuchelewa. Tukambeba kwa machela mpaka ufukweni. Ulikuwa usiku wa giza, usio na mwezi, kwa hiyo boti nyingine zote zilikuwa ziwani zikivua dagaa. Ilikuwapo moja tu, ya mpwa wangu, yenye mashine iliyotoka matengenezoni.

Alivuta kamba. Akavuta tena. Vijana wanne wakapokezana mpaka viganja vikachubuka. Mmoja akabonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta, akasema, "Mbona haijai?" Hakuna aliyemjibu. Mwingine akafungua plagi, akaitazama kwa mwanga wa tochi. Ilikuwa kavu. Akaifuta hivyo hivyo ilivyo kavu, akairudisha. Wakaweka plagi mpya, wakavuta. Mmoja akasema koili. Mwingine akasema fundi katia ringi mbovu. Mama mmoja mzee akasema tusivute tena, boti hii imetupiwa jambo.

Alfajiri, saa kumi na moja, ndipo boti ya kwanza ya wavuvi iliporudi, ikamchukua binti. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Sina ujuzi wa kuapa kwamba angelifika mapema mtoto angeliishi. Ninachojua ni kwamba walikaa saa sita mchangani bila sababu.

Asubuhi ile nilirudi ufukweni na miwani yangu. Ile pampu ya mkono, ambayo umbo lake ni kama yai, ina mshale uliochorwa juu yake. Ndani yake mna vali zinazoruhusu mafuta kupita upande mmoja tu, na mshale huonyesha upande huo. Unapaswa kuelekea kwenye mashine. Huu ulikuwa unaelekea kwenye tangi. Fundi alipofunga mpira mpya aliigeuza pampu. Na kwa kuwa kabureta ilikuwa imesafishwa na kukaushwa, haikuwamo petroli hata tone la kuiamsha mashine.

Nikamwita mpwa wangu, nikamwonyesha. Aliutazama mshale, akanitazama mimi.

"Mjomba," akaniuliza, "kumbe huu mshale una maana?"

Tukafungua klipu mbili, tukaigeuza pampu, tukaibonyeza mpaka ikawa ngumu. Akavuta kamba mara tatu, mashine ikawaka. Haikuisha robo saa.

Sasa ningeweza kuishia hapo nikamlaumu fundi, na msomaji angekubaliana nami, sote tukaenda kulala. Lakini tochi ile ya usiku nilikuwa nimeishika mimi. Plagi ilipofunguliwa niliiona kwa macho yangu kuwa ni kavu. Kijana aliposema pampu haijai nilimsikia. Na chuoni, kwa miaka sita, mimi ndiye niliyefundisha injini ya petroli! Nilichora silinda na pistoni ubaoni kwa chaki za rangi, na wanachuo wakaitikia kwa pamoja: kuvuta, kugandamiza, kuwaka, kutoa. Waliandika, wakakariri, wakafaulu, wakaenda kuwakaririsha wengine. Nilijua kwamba plagi iliyo kavu baada ya kamba kuvutwa mara nyingi maana yake ni petroli haifiki. Nilijua ubaoni. Ufukweni nilinyamaza, kwa sababu nilijihesabu kuwa mtu wa vitabu na mashine ni kazi ya mafundi, na kwa sababu niliogopa kusema neno likawa silo mbele ya watu niliowafundisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu, na aliyekosa mtoto ni mwingine.

Kwa hiyo nayasema sasa yale niliyopaswa kuyasema usiku ule. Kila injini ya petroli, iwe ya boti, ya pikipiki au ya pampu ya maji, inadai mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Likikosekana moja, haiwaki. Hakuna la nne.

Na kuyatafuta kuna utaratibu. Anza na yale yasiyohitaji spana. Je, kile kidude cha usalama chenye kamba, ambacho kikichomoka huzima mashine, kiko mahali pake? Gia iko huru? Skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi imefunguliwa? Mshale unaelekea wapi, na pampu inakuwa ngumu ukiibonyeza? Petroli yenyewe ni petroli? Mimina kidogo katika chupa ya kioo uiache itulie. Kama ina maji, maji yatakaa chini, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Baada ya hapo ndipo ufungue plagi. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki; fuata njia yake toka tangi hadi kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Basi tafuta cheche. Irudishe plagi kwenye waya wake, iguse kwenye chuma cha mashine, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli yoyote iliyomwagika, kisha mwenzako avute kamba. Cheche ikionekana, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba. Mgandamizo ukiwapo utakisukuma kidole. Na kama yote matatu yapo na bado haiwaki, basi cheche inakuja wakati usio wake. Tazama kile kijiti cha chuma kinacholishikilia gurudumu la juu, pengine kimekatika au hakikurudishwa.

Haya yote hayazidi nusu saa, wala hayagharimu shilingi. Lakini kubadilisha koili kabla ya kutazama kama plagi ni kavu au imelowa ni kucheza kamari, tena kwa fedha ya mwenye boti.

Kwa mashine iliyotoka kutengenezwa, utaratibu huu una kichwa chake: anzia pale mkono wa mwisho ulipogusa. Kilichofunguliwa ndicho kishukiwe kwanza. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anaishi Marekani, na kazi yake ni kutunza viwanja vya nyasi. Hutumia mashine ya kukata majani ambayo mtu huikalia na kuiendesha kama trekta dogo. Alinisimulia kwamba aliibadilisha mkanda, na baada ya hapo ikawa haiwaki, haitoi hata mlio. Akanunua betri mpya. Akanunua na stata. Fedha ikateketea, mashine kimya. Kumbe mashine hizo, kwa ajili ya usalama, hukataa kuwaka mpaka breki iwe imekanyagwa na visu viwe vimezimwa. Na waya wa swichi ya breki aliuchomoa mwenyewe alipokuwa akipitisha mkanda, akasahau kuurudisha. Yeye yuko ng'ambo ya bahari, kwenye maduka ya kila kipuri, na alikosea kama tulivyokosea sisi Kagunga. Nilicheka aliponisimulia, kisha nikaacha kucheka. Alikuwa ameketi katika darasa langu.

Tena sisi wa Kigoma tuna kitu kinachotuhukumu katika jambo hili, nacho ni hiyo Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Hebu fikiri: meli nzima ilifunguliwa na kufungwa tena. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Siwasifu wakoloni. Ile ilikuwa meli ya vita, na vita vile viliwaua babu zetu wengi waliobebeshwa mizigo ya ugomvi usiowahusu. Nasifu jambo moja tu: fundi aliyemfikiria mtu atakayeifungua mashine baada yake. Miaka chini ya maji haikuiua injini iliyowekwa na mtu aliyefikiri. Siku moja mezani kwa mtu asiyefikiri iliinyamazisha ya mpwa wangu.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba mafundi wetu hawa wa chini ya mwembe, wasio na cheti, ndio waliozifanya boti zetu zitembee miaka yote, na kwamba mwalimu mstaafu hana haki ya kuwanyoshea kidole. Nakubali nusu ya kwanza kwa moyo wote. Nimewaona wenye masikio yanayotambua ubovu wa mashine kabla boti haijatia nanga. Wao sina ugomvi nao, maana ukiwatazama vizuri utaona kwamba hawabahatishi kamwe: wanauliza, wanagusa, wanasikiliza, wanauliza tena. Ugomvi wangu ni na yule anayeona aibu kusema "sijui, ngoja nitazame", na mteja anayeona aibu kusema "iwashe nione". Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Kisha mtoto akiuliza mara mbili tunamwambia amekosa adabu.

Wengine watasema ni umaskini: vipuri ni ghali, petroli ni ghali, muda hautoshi. Mimi nasema umaskini ndio hasa unaotukataza kubahatisha. Tajiri anaweza kununua koili tatu asizozihitaji. Mvuvi wa Kagunga akinunua moja isiyotakiwa, mwanawe harudi shule na sare. Na mashine ikizimikia katikati ya ziwa, upepo wa kusi ukivuma, nanga yako haitashika chochote, kwa maana ziwa hili katika vina vyake vikubwa linapita meta 1,400.

Sasa nawageukia wenzangu wa chaki. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ifundishe watoto kufikiri na kutenda. Katika shule nilizoziongoza mimi tuliigeuza ikawa shamba la shule na jembe, mara nyingine ikawa adhabu ya wachelewaji. Januari 31, 2025, pale Dodoma, ilizinduliwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, yenye mkondo wa amali katika sekondari. Naifurahia. Lakini naogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba tutaufanya mkondo huo kuwa jalala la wale tunaowaona hawana akili, na wenye akili tutaendelea kuwapa chaki za rangi. La pili ni kwamba tutaifundisha amali yenyewe kwa kukariri. Mwanafunzi ataandika kazi nne za kabureta, atapata alama nne, na hataijua kabureta akikutana nayo njiani.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kila chuo cha ualimu kipate injini moja kuukuu, hata iliyotupwa. Mkufunzi aiharibu kwa siri usiku: achomoe waya, ageuze pampu, azibe tundu la hewa. Asubuhi awaambie wanachuo waiwashe, na asiwape alama kwa kuiwasha tu, bali kwa kueleza walianzia wapi na kwa nini. Mwalimu aliyepita hapo atakuwa na kitu cha kumpa mtoto wa Kagunga.

Na sisi wenye boti tuanze leo, bila kungoja Dodoma. Fundi asilipwe mpaka mashine iwake mbele ya mwenyewe, na kila kipuri kilichotolewa kirudishwe mkononi kionekane. Mashine iliyotoka matengenezoni isihesabiwe kuwa imepona mpaka ifanye safari ya majaribio mchana. Na kila boti ibandikwe ubao mdogo wenye maswali yale niliyoyataja, kwa utaratibu ule ule, ili usiku wa giza mtu asome hata kama akili imemruka. Boti ya mpwa wangu inao. Niliuandika kwa mkono wangu.

Kuhusu jirani yangu, nilikaa siku tisa kabla ya kumwendea. Nilimweleza yote: habari ya mshale, habari ya plagi kavu, na kwamba niliiona nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza uani kwake, na angekuwa na haki. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi umeshaniambia. Sasa waambie na wengine."

Ndiyo maana nimeandika.